Watu Hawahesabiwi Gachoka

Matembezi ya mwaka huu yamenigharimu mbuzi mmoja, mandazi sitini na mjomba mmoja. Mjomba alipatikana baadaye. Mbuzi tulimla.

Mimi ni muuza viazi mjini Embu. Nikipokea magunia kutoka Kibugu nahesabu, halafu nahesabu tena, kwa sababu ile mara ya kwanza mwenye viazi huwa anakupigia hadithi makusudi ili upotee. Tabia hiyo imenilisha miaka yote. Sikujua kwamba ukweni inaweza kunifungia mlango.

Pasaka tulienda Gachoka, upande wa Mbeere, kwa mama mkwe. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari wa mjini alikuwa amesema apasuliwe kabla mwaka haujaisha, la sivyo giza litamtangulia. Ilibidi aje akae kwetu Dallas, mtaa wa hapa Embu, wiki mbili hivi, maana kliniki ni ya alfajiri, na vumbi la Gachoka halina urafiki na jicho lililotoka kwa daktari. Mke wangu alikuwa ameshanunua kitanda. Mama hakuwa amewahi kulala kwetu hata siku moja. Tulienda kumwomba.

Jumatatu ya Pasaka nikajitolea kuwapeleka watoto wa ukoo kuona bwawa kwa pikapu yangu. Walipokwisha kupanda nyuma nikawapitia kwa kidole, kichwa kwa kichwa. Kumi na wanne. Nikarudia nikianzia mwisho. Kumi na watano. Nilikuwa naanza mara ya tatu mama alipotoka jikoni, mikono ina unga.

"Mkwe, unahesabu nini?"

"Watoto, mama."

"Wanauzwa?"

Kwetu Kibugu pia nyanya yangu alikuwa hataki watu wahesabiwe, wala mbuzi. Alisema ukihesabu watu umemsomea mauti orodha. Nilidhani imani hiyo tulimzika nayo. Kumbe ilikuwa imehamia Gachoka.

"Shukeni," mama akawaambia watoto. Hakuna aliyeliona bwawa. Jioni mke wangu alipotaja kitanda, mama akajibu polepole, kama mtu anayechambua maharagwe: "Asante mwanangu. Lakini siwezi kulala mahali nitaamka nihesabiwe pamoja na viazi."

Tulirudi mjini. Tulipofika langoni mke wangu akasema, "Sasa uyaombe macho ya mama yakungoje mpaka ujifunze adabu."

Agosti kulikuwa na harusi ya binamu yake huko Meru, na mimi ndiye niliyekodi basi la shule. Bei tulivutana na dereva mpaka akaniuliza kama nataka na yeye anilipe. Upande wote wa Gachoka ulipanda, mama akiwa kiti cha mbele. Niliapa sitahesabu mtu. Badala yake nilinunua mandazi sitini. Watu walikuwa, sitasema wangapi, ila kila mmoja alikuwa na mawili yake, moja Embu na moja Chuka. Likibaki andazi mkononi mwangu, nitajua kuna mtu amebaki chini. Niliona nimeishinda mila bila kuikosea.

Chuka tulisimama watu wajisaidie na wanywe chai. Waliporudi nikagawa. Mandazi yakaisha sawasawa. Nikamwambia dereva aondoke, na nikajisifu moyoni hadi Nkubu.

Nkubu mama akageuka. "Kaka yangu mbona hakohoi?"

Mjomba hakukohoa kwa sababu hakuwemo. Alikuwa amebaki Chuka kwenye foleni ya choo, na simu yake ilikuwa kwenye mkoba wa mke wangu. Shangazi mmoja alipoulizwa alisema ndiyo, hapo Chuka alikula mawili, kwani yaliandikwa majina?

Mjomba alifika kanisani kwa bodaboda maharusi wakiwa wameshaapishwa. Suti yake nyeusi ilikuwa imegeuka rangi ya barabara. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokaa.

"Mkwe, hukunihesabu?"

"Hapana, mjomba. Nilikuheshimu."

"Heshima yako imenigharimu Chuka hadi hapa, na yule kijana wa pikipiki bado ananingoja nje." Akamgeukia mama. "Dada, huyu mtu mruhusu ahesabu kitu. Chochote. Mimi ni mzee sasa."

Mama akampangusa vumbi begani. "Ahesabu viti vitupu. Kiti hakina roho. Lakini ya Pasaka haijaisha."

Ya Pasaka ilikuwa mbuzi wa kuomba radhi. Nilitaja mdogo, nikasema wale watoto walishuka salama.

"Walishuka kwa sababu mimi niliwashusha," mama akasema.

Nimebishana na madalali wa soko lote la Embu, lakini hapo nilipandisha bei mwenyewe. Septemba nilipeleka beberu mnene. Tulipomaliza kula, mama alimgusa kila mtoto kichwani bila kutaja namba, kisha akamwambia mke wangu kwamba angependa kukiona hicho kitanda.

Jana alilala kwetu. Leo asubuhi tumempeleka kliniki. Karani, binti mpole aliyemwita mama shosho kama bibi yake, alikuwa anajaza fomu kwenye kompyuta.

"Shosho, umezaa watoto wangapi?"

"Wapo."

"Wangapi, shosho?"

"Wale Mungu alinipa."

"Na walio hai ni wangapi?"

Mama akachukua kikapu chake cha kiondo. "Twende nyumbani."

Mke wangu alisema yeye ni mtoto, hawezi kuhesabu ndugu zake mbele ya mama yao. Karani akanigeukia mimi. "Baba, wewe ni mkwe wake. Unajua?"

Najua. Nilihesabu siku ya mahari, mara mbili. Mama alinielekezea yale macho yenye ukungu. Haoni uso wangu, lakini mahali ulipo anapajua.

"Sijui," nikasema.

Kompyuta haisongi mbele kile kisanduku kikiwa kitupu. Karani ametupa nafasi ya Jumatatu, ya mwisho kabla daktari hajaenda likizo. Hatuwezi hata kujaza kimya kimya, kwa sababu mama atasomewa fomu yote kabla ya kutia sahihi ya kidole. Anasema Jumatatu atakwenda, jicho analitaka, lakini watoto wake hawaendi kwenye kompyuta ya mtu.

Kama kuna aliyewahi kumpeleka mama mkwe wa Mbeere hospitalini, wakatoka humo na macho yao na undugu wao, tafadhali anieleze aliandika nini. Leo ni Alhamisi.