Gari Lililonguruma Chini ya Dirisha la Tumpe

Ndugu wa ukurasa huu, naomba mfiche jina langu, maana ndugu wa mume wangu wanasoma. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi Ipyana, Kyela. Niliishia darasa la saba. Nilikuwa na watoto wawili, sasa nimebaki na mmoja.

Biashara za mpakani zilipofunguliwa, mume wangu alipata kazi kwa wakala mmoja wa mizigo pale mpakani Kasumulu. Mwanzoni alikwenda kwa baiskeli, na binti yetu, nitamwita Tumpe, alipanda nyuma hadi shuleni. Kisha akanunua gari kuukuu la Kijapani. Majirani walikuja kulitazama, nami nilijiona.

Gari lile lilikuwa gumu kuwaka. Kila asubuhi aliliacha lingurume karibu nusu saa ndipo aondoke. Yeye alitaka kuliegesha kando ya barabara. Mimi ndiye niliyekataa kwa kuogopa wezi wa vioo, nikamwambia aliweke ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha la Tumpe. Mtoto alikuwa na pumu. Masizi yakiganda kwenye kioo, alichora bata kwa kidole. Nikifuta, anachora wengine.

Oili chafu mume wangu aliimwaga mferejini, ikateremka hadi kwenye majaruba ya jirani yetu, bibi mmoja mjane. Mara ya kwanza alikuja kwa upole kutwambia maji yake yana mafuta. Alipoondoka tulicheka. Mara ya tatu mpunga wake wa pembeni ulikuwa umekauka. Alisimama uani kwetu, watu wanasikia, akasema, "Gari hili litakuja kuwatoa roho ninyi wenyewe."

Nesi wa kliniki naye alikuwa ameniambia mtoto asikae penye moshi. Nilihamisha mafiga mbali na nyumba. Gari sikulitaja.

Masika yalipoanza, Tumpe alibanwa kifua asubuhi moja. Alifia mapajani mwangu, ndani ya gari hilohilo, kabla hatujafika hospitali.

Sasa wazee wa ukoo wanasema ni pumzi ya jirani. Huku kwetu wengi huamini kwamba hasira ya majirani inaweza kumuua mtoto, na wote wanayakumbuka maneno ya yule bibi. Wameamua kwamba akishavuna, ahame. Bibi huyo alikuja msibani na mchele wake, akanishika mkono, akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani pole kwa Kinyakyusa, akakaa nami hadi jioni.

Nilimuuliza mume wangu kama ana hakika. Akajibu, "Mama Tumpe, kama si yeye, ni nani?" Alinitazama kama mtu anayeomba asijibiwe.

Gari bado linawashwa palepale. Mdogo wake Tumpe nimemhamishia chumbani kwetu, nikasingizia kwamba anaogopa kulala peke yake.

Nikisema ni moshi, nitakuwa nimemtwisha baba kifo cha mwanawe. Nikisema mahali pale nilipachagua mimi, ndugu zake watanirudisha kwetu na mtoto watabaki naye. Nikinyamaza, bibi wa watu anaondoka na kikapu tu kwa kosa ambalo si lake.

Mpunga wake umeanza kupiga manjano. Nawaomba mnishauri, ndugu zangu: nimwambie nani kwanza, na nianzeje?