Kidonge cha Kuwahi

Dada yangu ni fundi cherehani, na kwa ubishi hana mpinzani. Mashine zetu zimekaa bega kwa bega miaka kumi na minane, kwa hiyo najua ninachosema. Kila asubuhi, kabla hata hajatunga uzi, alimeza vidonge viwili vya maumivu. Na kichwa chenyewe bado hakijaanza kuuma! "Nakiwahi," aliniambia. Mchana, viwili tena. Kichwa nacho wala hakikujali, kiliuma kila siku iendayo kwa Mungu.

Siku moja alikata gauni la mteja, mikono yote miwili ikatoka ya kushoto. Yeye, ambaye hakati kitambaa mpaka apime mara tatu! Nilicheka hadi nikashika mbavu. Yeye akaweka mkasi chini, akaanza kulia.

"Mdogo wangu, nina uvimbe kichwani. Najua."

Kicheko kilinikauka. Nikafunga duka, nikamburuta kwa daktari.

Daktari alikuwa mama mpole. Alimpima presha, macho, shingo, kisha akamuuliza anameza dawa mara ngapi.

"Mara mojamoja," dada akajibu.

"Muongo huyo!" nikadakia. "Kila siku, mwaka wa pili huu."

"Sioni dalili ya uvimbe," daktari akasema. "Ukiuzoesha mwili vidonge hivyo kila siku, mwisho vyenyewe ndivyo vinavyoleta maumivu. Viache. Mwanzoni kichwa kitauma zaidi, halafu kitapoa. Kunywa maji, kula kwa wakati, lala mapema. Na usiinamie mashine saa nzima bila kunyanyuka."

Wiki ile, jamani! Siku ya tatu alining'ang'ania mkono: "Kimoja tu, nakuomba." Roho iliniuma, lakini nikamnyima. Akaniita katili, mimi namkanda shingo. Akanifukuza, nikamletea maji. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na sikumwambia.

Wiki ya nne alifika dukani, akakaa kwenye kiti chake bila kugusa kitu. Nikamuuliza kichwa kinaendeleaje.

"Hakiumi," akasema, machozi yanamtiririka.

"Sasa unalia nini, dada?"

"Kila jioni tulipoachana hapo mlangoni, mimi nilikuwa nakuaga moja kwa moja, nikidhani uvimbe utaniua usiku. Na wewe ulikuwa unaniambia tu, 'Kesho usichelewe.'"