Joho la Askari Watawa

Mwaka 2017 nilikuwa nikishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga La Rochelle, mtaa mmoja wa Johannesburg. Siku moja jirani yetu, mjane wa Kireno, aliniletea kitambaa cheupe na picha ya ngome iliyo juu ya kilima, katika mji alikozaliwa. Parokia yake ilikuwa ikiandaa maandamano ya sikukuu, naye alitaka joho kama la watu walioishi katika ngome ile.

Nikashona joho lenye msalaba mwekundu. Alilitazama, akatikisa kichwa.

"Hili ni la padri. Wale walikuwa watawa, lakini pia walikuwa askari."

"Mtawa anashikaje upanga, mama?"

"Kasome," akasema.

Iliniuma. Kule Bukavu nilifundisha historia miaka sita, na tangu nifike Johannesburg hakuna aliyeniona kuwa mtu wa kusoma. Jumamosi nilifunga kazi, nikapanda teksi hadi maktaba ya mjini. Nilipata kitabu kimoja tu cha Kifaransa, nikakaa nacho mpaka walipoanza kufunga madirisha.

Watu wale waliapa kuishi bila mali na bila wake, kisha wakapanda farasi kwenda vitani. Ndani ya ngome walijenga kanisa la mviringo. Baadaye Papa alilivunja shirika lao, na katika nchi nyingine walikamatwa, wengine wakachomwa moto. Mfalme wa Ureno alitafuta njia ya kuwanusuru. Likaundwa shirika jipya, likapewa mali zao, na miaka ikapita likarudi kwenye ngome ileile. Msalaba mwekundu ukatiwa mwingine mweupe katikati.

Huo mweupe ndio niliokosa. Nikafumua. Kitambaa kikachanika mara mbili. Mara ya tatu nikakata polepole kwa mkasi mdogo hadi ukakaa sawa.

Mjane alipitisha kidole juu ya mshono. "Nani amekuonyesha?"

"Si uliniambia nikasome?"

Siku ya sikukuu alinialika. Mwanamume mmoja alikuwa akiwaeleza wageni kwamba askari wale waliuawa wote. Nilisimama nyuma, mgeni kati ya wenyeji.

"Si wote," nikasema. "Kwenu Ureno walibadilishiwa jina, wakaendelea."

Akageuka kumtazama mjane.

"Msikilize," mjane akasema. "Ni mwalimu."

Nikasogea mbele, nikaanza kuwaeleza tangu siku ngome ilipojengwa.