Pini Mdomoni

Bi Mkasi alikuwa na maswali mazuri sana ya usaili. Kilichokosekana ni nafasi ya kuyajibu. "Kwa nini unataka kazi hapa?" angeuliza, na kabla mwombaji hajameza mate, angejijibu mwenyewe: "Kwa sababu umesikia hapa kazi ni kazi, si mchezo. Sawa?" Mwenye shida zake alisema sawa, na huyo ndiye aliyeajiriwa.

Karakana yake ilishona sare za shule. Kilikuwa chumba kirefu, cherehani kando ya ukuta, meza ya kukatia katikati, nyuzi na vumbi la kitambaa hadi kwenye waya wa taa. Alikijenga kwa jasho lake baada ya kufiwa na mumewe, na mkataji alikuwa yeye mwenyewe. Jina la Mkasi alilipatia hapo. Sasa kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimevimba kwenye kiungo, akishika mkasi machozi yanamtoka. Kazi hiyo alikuwa amemrithisha bintiye wa pekee, lakini bintiye aliweka futi ya kupimia mezani asubuhi moja na kuhamia mji mwingine, na tangu siku hiyo hakutajwa pale ndani. Bila mkataji washonaji wangekaa bure, na pakikaliwa bure, mlango ungefungwa. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Akaajiri bwana mmoja mtaratibu. "Kitambaa hiki kina uso na mgongo," alimwambia siku ya usaili. "Unakikunja uso kwa uso ndipo unakata mkono wa shati, upate wa kulia na wa kushoto. Umeelewa? Umeelewa." Bwana akaitikia kwa kichwa. Kazini akatandaza jora zima bila kukunja, akakata siku nzima kwa bidii ya kutia huruma. Mikono yote ikawa ya kushoto.

"Mbona hukuuliza?" Bi Mkasi alifoka.

"Mama, si ulisema nimeelewa?"

Alimfukuza, kisha akakaa juu ya lile rundo la mikono ya kushoto akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Kwenye kona alikuwepo wifi yake, dada wa marehemu, mshona vifungo, mtu aliyejifunza zamani kutojibizana na huyu mke wa kaka yake. Siku hiyo alithubutu. Akamletea kikopo cha pini.

"Wifi, akija mwingine, tia hizi mdomoni. Uliza, kisha ubane midomo mpaka amalize."

"Unanitania?"

"Sikutanii. Ukiongea utajichoma."

Mafundi hubana pini midomoni kila siku, kwa hiyo mwombaji aliyefuata hakuona ajabu. Alikuwa mama wa makamo, viatu vimepigwa kiwi, futi yake mwenyewe shingoni. Bi Mkasi akauliza kosa gani baya aliwahi kufanya kazini, akabana midomo. Kimya kikamwasha mwili mzima. Yule mama akafikiri, akasema aliwahi kukata kola fupi kwa kuona haya kuuliza vipimo, na kwamba tangu hapo haya hizo alizitupa. Akapewa kipande cha kitambaa. Akakigusa, akatafuta uso, akakikunja, akachora kwa chaki, akakata pasipo papara. Bi Mkasi aliutazama ule mkono na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Huyu ndiye. Akatoa pini.

"Kazi ni yako ukiitaka. Una swali?"

"Moja tu, mama. Aliyekuwa kwenye meza hii mwanzo, aliondokea nini?"

Alitaka tu kujua kama pana amani. Jibu fupi lingetosha, hata uongo ungetosha. Lakini Bi Mkasi alimwaga yote: mtoto asiye na shukrani, aliyefundishwa kila kitu akajiona amejua, aliyetaka kila jambo lijadiliwe, ati na yeye ana mawazo, mawazo gani na mkasi kashikishwa na nani! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wacha alivunje huko huko. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaviringisha futi yake.

"Nimepata jibu, mama. Asante kwa kunipokea. Hapa sitaweza."

Akatoka. Bi Mkasi akabaki ameshika kile kipande kilichokatwa vizuri, halafu akachukua simu akampigia bintiye. Ikapokelewa.

"Mwanangu, hujambo? Nataka urudi. Kwani ulikwazika na nini hasa?"

"Mama, ukweli ni kwamba mimi..."

"Najua, ile siku nilikufokea mbele ya watu, lakini na wewe..."

"Mama, naomba nimalize."

Wifi alikuwa amekwisha kunyanyuka, anamsogezea kikopo cha pini mbele ya macho. Bi Mkasi akakisukuma kando.

"Umalize nini, nami ndiye niliyekuzaa? Nakujua kuliko unavyojijua! Kidole changu hiki... Haloo? Haloo?"

Akaitazama simu, akaiweka mezani.

"Mtandao mbovu, wifi. Umesikia mwenyewe ulivyokatika."

Wifi akarudi kwenye kona yake, akatia pini mdomoni, akaitikia kwa kichwa.