Kinu Kilichotukana Watu

Mchezo wangu wa kwanza ulitukanwa na kila mtu aliyeugusa, na ushahidi ninao. Ni daftari la kurasa arobaini na nane, lenye jalada la bluu. Kila mchezaji aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu kaka yangu hakuniamini, naye alikuwa na haki. Angeniachia mimi nijaze, leo daftari lingekuwa na sifa tupu kutoka kwa watu ambao hawajazaliwa.

Kaka ndiye mwenye kompyuta. Anafanya kazi Sakania, mpakani, anashughulikia karatasi za malori. Ile kompyuta kuukuu aliiacha kwetu Bel-Air kwa sababu ilikuwa imepoteza vitufe vitatu na uvumilivu wote. Mimi nikaikalia. Nikajifunza kutengeneza michezo kwa video nilizopakua kwenye simu, kidogo kidogo, siku ambazo umeme ulijisikia kuja. Likizo ya Pasaka kaka akarudi kwa juma moja, akatangaza kwamba sasa anaihitaji kazini.

"Yaya, lakini niko natengeneza mchezo," nikamwambia, maana kwetu "yaya" ni kaka au dada mkubwa.

"Mchezo? Niliona bulletin yako ya masomo. Ile njo mchezo." "Njo" ni "ndiyo" ya kwetu, na mdomoni mwa kaka ina meno.

Nikalia kidogo, kilio cha kupanga. Mama akaingilia kati, si kwa huruma, bali kwa sababu kelele ilimzuia kusikia redio. Kaka akakubali kunipa masharti.

"Siku ya Mungu, kisha misa, nakwenda. Mbele siku ile ifike, tafuta bantu bacheze, kila muntu aandike mu kaye yako ya bluu. Kama muntu moja, moja tu, anasema 'rudisha' pasipo weye kumubembeleza, nakuachia machine. Kama hakuna, inaingia mu sac yangu ya safari."

Huku kwetu, "rudisha" ndilo neno unalomtupia anayeshika redio wimbo unapoisha na mwili bado unaudai. Halisemwi kwa adabu. Linatoka lenyewe, kama chafya. Nikafikiri: neno moja kwa siku sita, kaka ameshashindwa.

Sasa mchezo wenyewe. Katikati ya skrini kuna kinu, juu yake mchi. Sauti ni ya kutwanga sombe, yale majani ya muhogo ambayo bila hayo bukari yetu, yaani ugali, inakaa kwenye sahani kama yatima. Sauti hiyo niliirekodi uani, mama akitwanga na mama mudogo, yaani mdogo wake, ambaye anaishi nasi. Simu niliificha nyuma ya beseni, maana mama akijua anarekodiwa anaanza kusema Kifaransa. Kisha nikakaa na ile sauti nikaweka alama kwenye kila pigo, moja baada ya lingine, mamia ya mapigo, mpaka masikio yakaota majani. Kazi ya mchezaji ni rahisi: sauti ikigonga, bonyeza kile kitufe kirefu cha chini. Ukipata, sombe inasagika. Ukikosa, kinu kinakutukana.

Hapo kwenye matusi ndipo nilipoweka moyo. Kusema ukweli matusi niliyaandika kwanza, mchezo ukafuata ili matusi yapate pa kukaa. "Mikono yako ni ya kuazima." "Hata mbuzi anasikia ngoma kuliko wewe." "Toka mu lupango ya bantu." Lupango ndiyo uwanja wa nyumba, na kumfukuza mtu humo si jambo dogo. Nilicheka peke yangu nikiyaandika. Siku hizo bado nilikuwa na mashabiki: mimi.

Wa kwanza walikuwa marafiki wawili wa barabara yetu. Walibonyeza kama watu wanaoua panya. Kinu kikawatukana mfululizo hadi mmoja akaipiga meza kofi.

"Masta, hii machine inaniambia miye mbuzi?"

"Inasema mbuzi anakupita. Soma vizuri."

Wakaandika kwa pamoja: *Mchezo ya ba-mama. Weka mpira ao lala.*

Jumanne nikampelekea fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, mtu mzima mwenye asili ya Maniema. Mguu wake umekanyaga pedali tangu kabla ya mimi kuzaliwa na sijawahi kuusikia ukikosea. Nikajiambia, huyu atasema rudisha hata kabla sijamaliza kueleza. Akavaa miwani, akasema bismillahi, akaanza. Akabonyeza moja, akaacha moja. Akabonyeza moja, akaacha moja. Kila alipoacha, kinu kikafungua mdomo. Alipofika kwenye mikono ya kuazima, aliinuka, akachukua kalamu, na kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wetu akaandika: *Nguo yako ya ubatizo niliishona mimi. Ningejua, nisingekata kitambaa.*

Nikamwomba radhi? Hapana. Nilimwambia aandike kwa herufi kubwa zaidi.

Jumatano na Alhamisi nikawakamata akina mama waliokuja kumwona mama, na dada wa kwaya waliopita kuazima viti. Wote yaleyale: moja wanabonyeza, moja wanaacha. Nililiona jambo hilo, sikatai. Ila nililielewa kama nilivyotaka. Nikasema hawa ni wazito, wanahitaji kusukumwa. Kwa hiyo nikarudi kwenye kompyuta nikaongeza matusi.

Nilipowauliza kasoro ni nini, walinijibu kama mtu anayekataa chakula: "Haina muzuri." "Iko na makelele tu." "Mutoto wa bantu, ulikosa kazi?" Mmoja, mke wa katekista, hakuandika kitu. Alichora msalaba kwenye ukurasa, akanirudishia kalamu kwa vidole viwili. Hakuna aliyenieleza. Ninadhani haikuwaingia akilini kwamba kuna cha kueleza, kama ambavyo hakuna anayekueleza upande gani wa kijiko unaingia mdomoni.

Ijumaa akaja msichana tunayesoma naye, anayekaa benchi la mbele yangu. Mwaka uliopita niliweka mjusi kwenye mkoba wake. Mjusi aliyekufa, nisisingiziwe. Hakuja kwa wema. Alikuwa amesikia kwamba kwetu kuna daftari ambamo inaruhusiwa kunitukana bila adhabu.

"Iko wapi ile kaye?" akauliza akiwa bado mlangoni.

"Unacheza kwanza."

Akaketi. Akacheza. Moja, akaacha. Moja, akaacha. Ila huyu nilimtazama vidole, kwa sababu nilitaka kumcheka, na hapo nikaona kitu kibaya: yale aliyobonyeza yalikuwa katikati kabisa ya pigo, hata unywele haukupita. Kinu kikamwambia habari za mbuzi. Hakukasirika. Aliondoa mkono kitufeni akageuka.

"Weye, ulishaka hata siku moja kutwanga sombe?"

"Miye? Miye niko mwanaume."

"Njo ile. Sikiliza." Akarudisha sauti mwanzo. "Hii kinu iko na bantu babili. Huyu wa muzito ni nani?"

"Mama."

"Na huyu wa mwepesi?"

"Mama mudogo."

"Sasa unataka nipige ya mama yako, na ya mama mudogo, miye peke yangu? Yee anapandisha, miye nashusha. Nikishusha pamoja naye, michi inagongana, bantu banaumia mikono. Mutoto wa miaka mutano anayua." Akatazama kushoto na kulia kwa kiti, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. "Na mwenzangu iko wapi?"

Nikachungulia chini ya meza, kana kwamba mwenzake yuko huko. Yeye akalivuta daftari akaandika taratibu, akifurahia kila herufi: *Aliyetengeneza hii hajatwanga hata siku moja. Anakula tu.* Akapiga mstari chini ya neno "tu".

Alipoondoka nikafungua mapigo ya wachezaji wote, ambayo mchezo ulikuwa ukiyahifadhi wenyewe. Fundi cherehani: hakukosa hata pigo moja la zamu yake. Mke wa katekista: hakukosa. Dada wa kwaya, wote: safi. Watu niliowaambia wana mikono ya kuazima walikuwa wamefuata ngoma sawasawa, na wakamwachia mwenza nafasi, kama wanavyofanya kila jioni ya maisha yao. Hata fundi, ambaye nadhani alilelewa akisikia michi miwili uani kwao. Asiyeijua ngoma nilikuwa mimi, niliyekula sombe miaka kumi na sita na kuisikia ikitwangwa kila siku nikiwa nimelala kwenye kochi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta wa kumlaumu. Nikamfikiria mama: kwa nini hakunifundisha? Halafu nikakumbuka aliniita mara nyingi, na kila mara tumbo lilianza kuniuma.

Jumamosi umeme ukaja saa nane mchana, nikaanza kurekebisha. Wachezaji sasa wawe wawili, mmoja kila upande wa kibodi, zamu kwa zamu. Wa kulia alipata kitufe kizima. Wa kushoto alibonyeza kile kipande laini cha mpira kilichobaki mahali herufi A ilipong'oka. Wakishusha pamoja, michi inagongana na kinu kinawatukana wote wawili. Nilikusudia pia kuyatoa matusi makali. Nilifungua orodha, nikasoma, nikacheka, nikafunga.

Jumapili baada ya misa kaka akawa anapanga mizigo uani. Akalichukua daftari na kulisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kwa raha ya mtu anayesoma barua za wapenzi wa mwenzake. Alipofika kwa fundi akakaa chini ili acheke vizuri.

"Hakuna 'rudisha'," akasema akijifuta machozi. "Leta machine."

"Yaya, ile ilikuwa mbaya. Niliitengeneza upya. Cheza na mama, mara moja tu."

"Nilisema usibembeleze."

"Sikubembelezi kusema rudisha. Nabembeleza kucheza."

Mama alikuwa bado na kitenge chake cha misa. Alisema ana kazi, lakini nilikuwa nimeshawasha sauti, na akasimama palepale alipoisikia.

"Ile si kinu yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Uliniibia kinu?"

"Sauti tu, mama."

Akaketi, nadhani ili ahakikishe sijaiba zaidi. Kaka akaketi kushoto, kwenye kile kipande cha mpira. Wakaanza. Mama hakutazama hata skrini. Alitazama ukutani na kidole chake kikashuka kama saa ya kanisani. Kaka naye ni mwanaume wa nyumba hii kama mimi. Mapigo manne alijitahidi. La tano akawahi, michi ikagongana, na kwa herufi nyekundu kinu kikaandika: *Nyote wawili, toka mu lupango ya bantu.*

Kuku wa uani aliacha kuchakura. Mama alisoma mara mbili, akisogeza midomo.

"Nani anaandika hivi?"

Kaka akanyoosha kidole kwangu. Mimi nikamwangalia yule kuku.

"Mu lupango yangu? Miye nitoke? Ile miye na papa yenu tuliijenga matofali kwa matofali, nitoke?" Sasa alikuwa anaongea na kompyuta yenyewe. Kisha akamgeukia kaka na kumsukuma bega. "Na weye njo uliniharibia! Mikono ya nini ile? Toka pale." Akapaaza sauti kuelekea jikoni: "Mudogo wangu! Kuya hapa! Kuya mbio!"

Mama mudogo akaja na mikono inayodondosha maji, akasukumwa kitini bila kuelezwa chochote. Mama akarekebisha kitenge, akaweka kidole kwenye kitufe chake, na bila kunitazama akasema:

"Rudisha."

Nilisikia vizuri kabisa. Lakini nilitaka kaka asikie vizuri zaidi.

"Unasema, mama?"

"Uko na masikio ao hapana? Rudisha! Machine haiwezi kunifukuza kwangu!"

Kaka akainua mikono. "Ile haiingie mu hesabu. Amesema na hasira."

"Masharti yako hayakusema kitu juu ya hasira," nikamjibu.

Nyuma yetu mama na mdogo wake walikuwa wameshaanza: mzito, mwepesi, mzito, mwepesi, na kinu kikakosa cha kusema. Kaka akawatazama mpaka mwisho. Kisha akaifunga sac yake, tupu upande mmoja, akaenda kutafuta gari la Sakania bila kuniaga. Alimuaga kuku.

Mama aliandika wa mwisho. Hakusema mchezo ni mzuri. Mpaka leo hakuna aliyewahi kusema. Aliandika: *Matusi yote itoke. Na kesho unatwanga.*

Jumatatu nikasimama mbele ya kinu halisi, mchi mkononi, mama mudogo upande wa pili. Mchi ni mzito kuliko kitufe, hilo hakuna video iliyonieleza. Pigo la kwanza nilipata. La pili nikashusha naye, michi ikagongana, na maumivu yakapanda hadi mabegani.

Mama mudogo akajikung'uta viganja, akanitazama polepole kuanzia vidole vya miguu.

"Mikono yako," akasema, "uliazima kwa nani?"