Mume Wangu Hayupo

Siku hizi mwanamume yeyote hupiga hodi akaingia, lakini zamani Pemba mke aliye peke yake alijibia nyuma ya mlango kuwa mumewe hayupo, na mgeni akarudi zake.

Mwaka 1960 Mize alivimba mshipa wa ubongo, akapelekwa bara kupasuliwa.

"Naweza kumtia ganzi kichwani tu, awe macho," daktari alimwambia mumewe, Khatib. "Nikimlaza kabisa, huenda akili ikachelewa kurudi."

"Mlaze, bwana. Asiusikie msumeno."

Akili haikurudi. Jioni moja, wakiwa wamesharudi Pemba, Khatib alitoka msikitini, akakuta mlango wa nyumba yao umefungwa.

"Mize, fungua. Mimi Khatib!"

"Khatib ni mume wangu, baba, naye hayupo."

Kwenye upenyo alimwona amejitanda vizuri, macho chini. Khatib akarudi zake, na hakumwona tena. Kesho yake kaka zake Mize walimchukua dada yao, wakamrudisha kwao.