Nilivyojivunja shingo kila siku kambini Ngara hadi nikaingizwa hema la homa ya uti wa mgongo

Wakuu, nawasalimu popote mlipo, hasa mnaosoma hapa mkiwa mmeinamia simu. Haya yalinipata mwenyewe. Sitaongeza chumvi, maana kisa chenyewe kinanitia aibu ya kutosha.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, vilima vya Ngara vimegeuka buluu kwa maturubai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, kitu ambacho hakuna mtu mkoa mzima aliyekuwa na shida nacho. Shirika moja likanipa ukarani wa kugawa chakula.

Kazi yenyewe: mtu anakuja na kadi, unatafuta namba yake daftarini, unaitoboa kadi, anaingia kuchukua mahindi, maharage na mafuta. Anayefuata.

Daftari lilikaa kushoto, meza ilikuwa fupi, nami ni mrefu. Asubuhi hadi saa tisa alasiri shingo imelala upande mmoja kama kuku anayesikiliza kitu.

Siku moja nikitoka Biharamulo kwa gari, tukasimama Lusahunga, pale malori yaendayo mpakani Rusumo yanapopumzika. Dereva mmoja akaona nageuka mwili mzima ili nimwone muuza ndizi.

"Kaka, shika kidevu, shika kisogo, halafu zungusha ghafla."

Ko! Ko! Ko!

Utamu ule siwezi kuueleza. Ni kama mtu kanitua gunia kichwani.

"Umeona? Mimi nafanya hivyo tangu bandarini," akasema.

Sikujiuliza kwa nini mtu aliyepona anahitaji kujitibu njia nzima kutoka bandarini.

Mwanzoni nafuu ilidumu nusu siku. Baadaye nusu saa. Baada ya miezi miwili navunja kila baada ya kadi tano sita, na watu wa foleni wakanibatiza Bwana Kuni, kwa sababu nililia kama kijiti kikavu. Siku nikichelewa kuvunja nasikia mama mmoja anamuuliza mwenzake, "Leo Bwana Kuni kapatwa na nini?"

Karani mwenzangu Deo, Mhangaza wa Kibimba, mwenyeji wa hapohapo Ngara, alinionya.

"Msomi, iko siku hicho kichwa kitakubaki mkononi."

"Hii ni sayansi, Deo. Ni hewa tu inatoka kwenye viungo."

Nilisoma fasihi, wakuu.

Sasa ikafika Jumanne moja, saa nne asubuhi. Upande wa kushoto uligoma kutoa mlio, nami nikaukomoa. Nikazungusha kwa nguvu zote.

Haikulia ko. Nilisikia kitu kama kitambaa kinachanwa, maumivu yakapanda kisogoni, namba za daftarini zikawa mbilimbili, vidole vya kushoto vikaingia ganzi. Baada ya muda macho yakarudi sawa. Ganzi ikabaki. Nikamwambia Deo jua ni kali.

Jioni nikarudi Nyamiaga nilikopanga. Mama mwenye nyumba akaniona nimeegemea ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo malaria. Mtu akipepesuka na hajanywa, ni malaria."

Kule kwetu kila kizunguzungu kilikuwa malaria, na mara nyingi ilikuwa kweli. Mimi niliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu malaria haimvunjii mtu heshima. Nikameza klorokwini. Asubuhi nikaamka najikuna mwili mzima, masikio yanavuma, shingo imekaza kama mti. Kidevu hakishuki kifuani.

Nikaenda kazini hivyohivyo. Deo alinitazama mara moja tu, akanishika mkono hadi zahanati ya kambi.

"Kichwa kinauma?" mhudumu akauliza.

"Sana."

"Inamisha shingo."

"Haiinami."

Akarudi nyuma hatua mbili. Benchi nililokalia likabaki langu peke yangu.

Watu wanalala hema kwa hema, hivyo kichwa kuuma pamoja na shingo kukaza kulimaanisha homa ya uti wa mgongo, na hakuna aliyetaka kubahatisha. Muda si mrefu niko kwenye hema la pembeni, na daktari anaandaa sindano ndefu ya kuvuta maji mgongoni.

Daktari mwenyewe alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu mzima, mwenye Kiswahili cha taratibu.

"Kabla shingo haijakaza, ulianguka? Ulibeba mzigo? Ulifanya kitu chochote?"

"Hapana, daktari."

Hapa mnisikilize vizuri. Nilikuwa radhi kuchomwa sindano ya mgongo kuliko kukiri kwamba mimi, msomi, nimejiumiza kwa mikono yangu miwili.

Nje ya turubai Deo akapaza sauti.

"Daktari, anakudanganya huyo! Anajivunja shingo kutwa nzima! Kambi yote inamjua!"

"Deo, nyamaza!"

"Sinyamazi! Ukifa niwaambie nini wazazi wako? Kwamba nilikuwa na adabu?"

Daktari akaweka sindano chini.

"Nionyeshe unavyofanya. Lakini usijiguse."

Nikaonyesha hewani. Akanitazama kama mtu anayemtazama jirani akijichomea nyumba. Akanipima joto tena, sina homa. Akanibonyeza shingo upande wa kushoto, nikaruka. Nikamweleza yote: macho, vidole, kizunguzungu.

Akanieleza kwamba kuna mishipa ya damu inayopita ndani ya mifupa ya shingo kwenda nyuma ya ubongo. Ukizungusha shingo kwa nguvu, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, ukapata kiharusi hata kama ni kijana.

"Dalili hizo mtu halali nazo nyumbani. Wewe umelala nazo."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Pale hapakuwa na mashine ya kuangalia mshipa. Ilibaki kusubiri tu. Siku tatu nililazwa, kila baada ya saa chache ananiambia nifumbe macho niguse pua, nimkamate vidole, nifuate kalamu yake kwa macho. Akiondoka naanza kujihesabia vidole vya kushoto mwenyewe, kimoja kimoja, naviuliza kama vipo.

Asubuhi ya nne vyote vikaitika.

Daktari akanitoa nje, akanitembeza kisigino mbele ya vidole. Hatua kumi na mbili, sikuyumba.

"Naona ni misuli na neva," akasema. "Mshipa umenusurika, au haukuguswa kabisa. Usiujaribu tena."

Nikacheka, halafu machozi yakanitoka. Deo akajifanya anasoma tangazo la Kifaransa lililobandikwa kwenye hema, lugha asiyoijua hata neno moja. Kisha akaenda kuinyanyua meza yangu kwa matofali. Hamu ya kujivunja ilichukua miezi kuisha, lakini iliisha. Shingo ilikuwa inalalamikia meza muda wote, mimi nikawa naiadhibu.

Wakuu, sisemi kila anayejivunja shingo atapata kiharusi. Ni nadra. Lakini nadra ilinilaza siku tatu nikisubiri kujua kama ni mimi. Kama shingo inakuomba uivunje kila saa, tafuta kinachoiumiza. Na ukiivunja ukaona vitu viwiliviwili, ganzi, kizunguzungu, ulimi mzito au kichwa kuuma vibaya, nenda hospitali siku hiyohiyo, useme ulichofanya. Aibu inaisha mapema sana ukishajua utatembea.

Haya, tiririkeni, wenye visa kama changu nisijione peke yangu. Na wewe uliyeshika kidevu hapo, shusha mkono kwanza ndipo uandike.